Wahandisi wa Jioni

Mpenda mpira haangalii mpira kimya. Atamfundisha kocha, atamgombeza refa, atapiga penalti akiwa amekaa kwenye benchi. Kumbe mpenda chuma naye ni vivyo hivyo. Hili nimejifunza hapa Rau, kwenye kijiwe chetu nyuma ya banda la kuchomelea, ambako kila jioni hukusanyika watu ninaowaita wahandisi wa jioni.

Nieleze kwanza ni akina nani, maana msomaji wa Dar anaweza kudhani nazungumzia watu wenye vyeti na kofia ngumu. Hapana. Mmoja ni fundi redio. Mmoja ni mwanafunzi wa ufundi. Mmoja ni mwalimu wa fizikia. Mwingine, rafiki yangu tuliyekua pamoja, anaendesha bodaboda. Mchana kila mtu anabangaiza kivyake. Jioni ndipo wanafanya kazi isiyowalipa hata senti, yaani kutengeneza vitu kwa raha zao. Wameunda mashine ya kupukuchua mahindi kwa pedali za baiskeli. Wameunda tanuri la kufulia chuma kwa rimu ya gari, udongo wa mfinyanzi na feni iliyotolewa kwenye gari bovu. Mimi kuchomelea sijui. Nilimaliza sekondari nikabaki na daftari, naandika riwaya ambayo mhusika wake mkuu ni mhunzi. Kwa hiyo wao wanafua, mimi naandika.

Kipindi kinachotuunguza roho kinaitwa Forged in Fire. Ni cha Marekani, kilianza mwaka 2015 kwenye chaneli ya History. Wahunzi wanne wanashindana kufua visu, wanapungua mpaka wanabaki wawili, na hao wawili wanarudi kwao kufua silaha fulani ya kale. Mshindi anaondoka na dola 10,000. Kuna saa inayokimbia, kuna waamuzi, kuna utani mwingi. Kisu kikishakamilika wanakipiga kwenye barafu, kwenye kamba, hata kwenye mzoga wa nguruwe, waone kama kitavunjika.

Sasa njoo uwasikilize wahandisi wa jioni. "Toa! Toa! Kinatoa cheche hicho, unakiunguza!" anapiga kelele fundi redio, kama vile yule Mmarekani anamsikia. Mwanafunzi wa ufundi anataka kujua mafuta ya kuchovyea ni ya aina gani. Mwalimu anauliza sumaku iko wapi, kwa sababu chuma kikifika nyuzi joto kama 770 sumaku haikishiki tena, na hapo unajua umekaribia joto la kukichovya. Mtu akichovya kwenye maji badala ya mafuta, benchi zima linashika vichwa: "Kitapasuka huyo!" Kikipasuka kweli, wanacheka mpaka mama muuza chai anakuja kuuliza nani kafunga goli.

Malalamiko yao makubwa ni matatu. La kwanza ni muda. Saa tatu za kufua kisu zinabanwa ziingie katikati ya matangazo, na kinachokatwa ndicho wao wanachokitaka. Wanaona chuma kinaingia motoni, halafu ghafla mtu anang'arisha kisu kilichokwisha. Ile hatua ya kukipasha tena taratibu baada ya kukichovya, ili kipunguze ugumu kisivunjike kama glasi, mara nyingi inapita kama upepo. "Hapo ndipo kazi ilipo," anasema mwalimu. "Rangi ya manjano kama majani makavu, hiyo ni nyuzi mia mbili na kitu, inafaa kisu. Ukiachia ifike buluu, karibu mia tatu, hiyo ni ya springi. Wao wanatuonyesha mtu anafuta jasho."

La pili ni majaribio. Nani anakata barafu Rau? Panga la huku lijaribiwe kwenye mgomba, kwenye majani ya ng'ombe, kwenye tawi la mkahawa mzee. Hili wanalisema kwa mzaha, lakini lina maana. Chombo hupimwa na kazi yake.

La tatu ni kicheko chenyewe, na hili ndilo lililotugawa.

Jioni moja rafiki yangu wa bodaboda alikuja na baba yake mdogo kutoka Mamba Kotela, kule juu upande wa Marangu. Mamba ni moja ya sehemu za Uchagani ambako uhunzi haujafa. Mpaka leo watu wanafua kwa nyundo na mivukuto ya ngozi, na watalii wanapandishwa kwenda kuwatazama na kununua mikuki. Mzee yule ni wa kazi hiyo tangu utoto. Tukamwamkia, "Shikamoo Meku," tukampisha kiti chenye mgongo.

Lazima nikumbushe mhunzi alikuwa nani milimani kwetu. Chuma cha Wachagga wa zamani kilitoka kwa majirani wa Ugweno, Upare ya Kaskazini, ambako ukoo wa Washana uliyeyusha mawe na mchanga wa chuma. Profesa Isaria Kimambo, katika historia ya Wapare aliyoitoa mwaka 1969, anaeleza kwamba Washana walikuwa watawala wa Ugweno kabla ya Wasuya kuwapindua. Kiswahili kina kitenzi kusana, yaani kufua chuma, na sikio langu haliachi kusikia undugu kati ya neno hilo na jina la ukoo ule. Na huku kwetu mhunzi aliheshimiwa na kuogopwa. Laana ya nyundo yake ilitisha kuliko fimbo ya mangi. Mmisionari Mjerumani Bruno Gutmann, aliyeishi miaka mingi na Wachagga, aliandika makala nzima juu ya mhunzi na imani zilizozunguka kazi yake, ikachapishwa mwaka 1912.

Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyeketi mbele ya luninga yetu. Alikuwa kijana kabla Tanzania Bara haijawa na kituo cha televisheni, maana cha kwanza kilianza mwaka 1994. Akatazama kimya. Kisu cha mshiriki mmoja kikavunjika vipande viwili kwenye pigo la kwanza. Benchi likalipuka kwa kicheko. Mzee hakucheka.

"Mnacheka nini, mbe?" akauliza.

Fundi redio akajibu kwamba jamaa alikosea moto.

"Nimeona. Mimi nauliza mnacheka nini. Kwetu jembe likivunjika, aliyelinunua harudi tena. Na anakwenda kusema sokoni."

Kikapita kimya kile cha watu walioshikwa pabaya. Mimi nilidhani sasa Meku ataagiza luninga izimwe. Kumbe la. Mwamuzi alipoanza kueleza kwa nini kisu kile kilivunjika, akionyesha kwa kidole chembe za chuma zilivyokuwa kubwa na nyeupe pale kilipokatikia, mzee akasogeza kiti mbele. Akamtaka mpwa wa jirani amfasirie kila neno. Mwisho akasema, "Huyu anafundisha vizuri. Mimi baba yangu alinifundisha kwa kofi. Ukikosea, kofi. Kwa nini umekosea, hasemi."

Tangu siku ile nimekuwa nikiyapima maneno hayo mawili, lile la kicheko na lile la kofi. Wahandisi wa jioni wanasema kipindi ni upuuzi kwa sababu kinakimbia na kuchekesha. Mimi nabishana nao. Bila utani ule, nani kati yetu angekaa saa nzima kutazama chuma kikipoa? Filamu nzito zipo. Mwaka 1988 ilitoka The Tree of Iron, juu ya wazee wa Kihaya kule Kagera waliojenga tena tanuri la kuyeyushia chuma, miaka mingi baada ya kazi hiyo kuachwa. Mwanaakiolojia Peter Schmidt na mwenzake Donald Avery walikuwa wameandika habari za matanuri hayo katika jarida la Science mwaka 1978. Walisema mabomba ya udongo ya kupitishia upepo yaliingizwa ndani kabisa ya tanuri, hivyo hewa ilipata moto kabla ya kufika kwenye mkaa, na ufundi huo ni wa zaidi ya miaka 1,500. Lakini hapa Rau, kabla ya Forged in Fire, hakuna aliyekuwa na habari na wazee wale. Ni ushabiki wa visu vya Wamarekani uliomfanya mwanafunzi wetu atafute kwenye simu, akawakuta Wahaya.

Na alipowakuta, ubishi ukahamia huko. Maana si wataalamu wote waliokubali. Mwaka 1986 J. E. Rehder, mtaalamu wa metali, alihoji kama kweli hewa inayopita haraka ndani ya bomba la udongo inaweza kupata joto la kuleta tofauti kubwa. Mwalimu wa fizikia akasimama na Rehder. Mwanafunzi akasimama na Wahaya. Tukabishana mpaka chai ikaisha. Nikasema moyoni, tazama, watu wa Rau wanagombania upepo wa Kagera kama Simba na Yanga.

Meku aliposimuliwa, hakuchagua upande. Alikwenda kutazama tanuri letu la rimu, akawasha feni, akasikiliza, akaizima. "Hii inapuliza vizuri. Ila haisikii," akasema. Akaeleza kwamba mvuvia mivukuto anamsikiliza anayefua. Akiona rangi inabadilika anapunguza, nyundo ikisimama naye anasimama. Feni inapuliza tu, hata kama chuma kimeshaanza kuungua. Mwalimu akajibu kwa adabu kwamba tunaweza kuweka swichi ya mguu. Mzee akawaza kidogo. "Wekeni," akasema. Nilipenda jibu lile. Hakutetea ngozi ya mbuzi kwa kuwa ni ya mababu. Alitetea kusikia.

Lakini msomaji, mzee hakushuka Rau kutazama luninga. Alimfuata mwana wa kaka yake. Mkono wake wa kulia umeanza kutetemeka na wanawe wote wako mjini. Alitaka kijana apande Mamba akashike kazi. Rafiki yangu naye ana mkopo wa pikipiki na mtoto mchanga. Panga la kiwandani dukani ni rahisi kuliko la kufua kwa mkono, na mikuki ya watalii hutegemea msimu. "Mkuki wa mtalii hautapiga hata panya," alishatuambia mwenyewe akicheka kwa uchungu. "Anautundika ukutani Ulaya. Hata ningeufua kwa bati, hatajua." Nadhani hilo ndilo linalomuuma kuliko kutetemeka kwa mkono: kufanya kazi ambayo hakuna atakayegundua kama ni mbovu.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini alisogeza kiti. Kwenye kipindi kile cha mzaha kulikuwa na watu watatu ambao kazi yao ni kugundua. Na kwenye benchi letu kulikuwa na vijana wanne waliojua, kwa kutazama rangi tu, kwamba chuma kinaungua. Wateja wanaojua kazi mbovu wamekuwa adimu. Mashabiki wanaojua hawajaisha.

Waswahili husema, mwana wa mhunzi asiposana huvuvia. Rafiki yangu ameamua kuvuvia. Siku za kazi ataendelea na bodaboda, Jumamosi atapanda Mamba. Hajaahidi zaidi ya hapo, na mzee hakumlazimisha, ingawa alipoagana nasi alimshika bega muda mrefu.

Wahandisi wa jioni nao wamepanga shindano lao. Wamenunua springi ya lori kwenye chuma chakavu, wameikata vipande vitatu. Washiriki watatu, feni moja yenye swichi ya mguu, oili chafu ya kuchovyea, na mgomba wa kujaribia. Meku amekubali kuwa mwamuzi, kwa sharti moja: ambaye panga lake litavunjika, tucheke tunavyotaka, lakini asiende nyumbani. Akae pale pale aambiwe kwa nini, kisha alifue upya.

Mimi nimepewa kazi ya kuandika yatakayosemwa. Nimeshanunua daftari jipya.