Mwanamke na Chombo Anachonunua

Wenye lugha yetu walipoitafutia jina kompyuta ibebwayo, waliiita kompyuta mpakato, na wengine kipakatalishi. Asili ya majina yote mawili ni kitendo cha kupakata. Na kupakata, kabla ya kuja kwa vyombo hivi, kulikuwa ni kumweka mtoto mapajani na kumzungushia mikono asianguke. Ni machache majina ya vyombo vipya yaliyotungwa kwa upole kama haya. Tena kazi ya kupakata katika nyumba zetu ni ya mama, ya dada na ya bibi kuliko ya mtu mwingine yeyote. Lakini mtu akienda katika maduka ambamo vyombo hivyo huuzwa, ataona kuwa mwanamke ndiye mnunuzi ambaye aghalabu hudhaniwa kuwa hajui akitakacho. Kwa hiyo yafaa tuulize: anataka nini?

Swali hili si jipya, na majibu yake yamekuwa mengi. Ila lipo jambo moja la kustaajabisha katika majibu hayo, nalo ni kwamba mengi yalitolewa na watu wasiomwuliza mwenyewe. Mwaka 1955 kiwanda kimoja cha Marekani kilitengeneza motokaa iliyoitwa Dodge La Femme. Ilipakwa rangi ya waridi na nyeupe, ikatiwa ndani mkoba, kikasha cha poda, kibweta cha rangi ya mdomo, koti la mvua na mwavuli. Injini haikupata fikira yoyote ya pekee. Biashara yake haikuvuka mwaka 1956. Mwaka 1969 duka la Neiman Marcus, katika orodha yake ya bidhaa za Krismasi, lilitangaza kompyuta ya jikoni iliyotengenezwa na Honeywell, kwa bei ya dola 10,600. Kazi yake ilikuwa kumtunzia mama wa nyumba mapishi yake. Lakini mama huyo hakuwekewa kibodi wala kioo. Alitakiwa kubonyeza swichi na kusoma taa ziwakazo na kuzimika, na kabla ya hayo akae darasani wiki mbili kujifunza lugha ya mashine. Hakuna ushahidi kwamba hata moja iliuzwa. Mpishi gani auache mchuzi motoni akahesabu taa ili ajue kiasi cha chumvi?

Mtu aweza kusema kuwa hayo ni makosa ya zamani, na kwamba watu wamekwisha kuerevuka. Historia haikubali. Mwezi wa Mei mwaka 2009 kampuni ya Dell ilifungua katika intaneti ukumbi wa kuwauzia wanawake kompyuta ndogo, ikauita Della. Humo wanawake walishauriwa kuwa kompyuta yaweza kuwasaidia kutafuta mapishi na kuhesabu nguvu ya chakula wanachokula. Wanawake walikasirika, wakasema wazi, na hazikupita wiki nyingi kabla ya ukumbi ule kubadilishwa. Mwaka 2013 habari zilienea kuhusu kompyuta bapa iliyotolewa na kampuni moja ya nchi za Ghuba kwa jina la ePad Femme. Ilikuwa na kioo cha inchi 8, na ndani yake zilitangulizwa programu za mapishi, za mazoezi ya mwili na za kununua vitu, ili mwanamke asipate taabu ya kuzitafuta. Vyombo hivi vinne vimepishana miaka mingi, na ubingwa ulioviunda haukuwa mmoja. Lakini dhana yao ni moja. Kila mmoja ulianza na picha ya mwanamke, wala haukuanza na kazi yake.

Sasa na tutazame upande wa pili, upande wa vyombo ambavyo wanawake walivipokea kwa mikono miwili. Cherehani haikuhitaji kubembelezwa. Isaac Singer alipata hataza ya mashine yake mwaka 1851, na mwaka 1856 kampuni yake ilianza kuiuza kwa malipo ya kidogo kidogo, kwa sababu bei yake iliwashinda wengi. Utaratibu ule ulikuwa jibu la swali la kweli: mtu mwenye mikono hodari na fedha chache apateje chombo cha kumlisha? Katika miji yetu ya pwani wajane wengi wamesomesha watoto kwa cherehani, na jina la chombo limekuwa jina la riziki.

Mwaka 2003 ilitoka simu ndogo ya Nokia 1100. Haikuwa na picha wala muziki wa kujivunia. Vitufe vyake vilifunikwa ili vumbi lisiingie, betri yake ilidumu, na kichwani ilikuwa na tochi. Iliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Hakuna aliyeiita simu ya wanawake. Lakini nakumbuka jinsi ilivyosifiwa na wanawake wa mtaa wetu umeme ulipokatika, mtoto alipolia usiku, au njia ya kwenda chooni ilipokuwa na giza. Waliosema kuwa wanawake hawana habari na ufundi hawakupata kusikia mazungumzo yale juu ya betri.

Kisha ikaja huduma ya fedha kwa simu. M-Pesa ilianza Kenya mwezi wa Machi mwaka 2007, na Tanzania ikafuata mwaka 2008. Kabla ya hapo benki ya mwanamke ilikuwa pindo la khanga. Fedha iliyofungwa pindoni ilikuwa karibu na mwenyewe, lakini ilikuwa karibu pia na kila aonaye fundo. Simu iliifungia fedha hiyo kwa namba ya siri. Wataalamu wawili, Tavneet Suri na William Jack, walichunguza matokeo yake huko Kenya, na mwaka 2016 walitoa makadirio kwamba huduma hii iliinua kaya 194,000 kutoka katika ufukara, na kwamba wanawake 185,000 walitoka katika kilimo wakashika biashara kuwa kazi yao kubwa. Faida ilionekana zaidi katika nyumba zilizoongozwa na wanawake. Hapana rangi ya waridi katika jambo hili. Lililokuwamo ni siri, wepesi na uhakika.

Kuna dharau ya kumfikiria mtu isivyo, na kuna dharau ya kutomfikiria kabisa. Ya pili ni tulivu, lakini haipungui ukali. Mwaka 2014 kampuni ya Apple ilitoa programu ya afya katika simu zake. Mtu aliweza kuandika humo hatua alizotembea, mapigo ya moyo, usingizi, hata kiasi cha madini kadha wa kadha alichokula. Hedhi haikuwa na mahali. Iliongezwa mwaka 2015. Jambo linalowafikia mabinti na mama wa dunia nzima kila mwezi lilisahauliwa na watu waliokumbuka kuhesabu madini ya shaba katika chakula. Siamini kuwa palikuwa na nia mbaya. Yamkini palikuwa na meza ya wanaume wengi na wanawake wachache, na meza ya namna hiyo husahau mambo bila ya kukusudia.

Nije sasa karibu na nyumbani. Miaka michache iliyopita niliandamana na mwanafunzi wangu wa shahada ya uzamili kwenda kununua kompyuta mpakato katika mtaa mmoja wa maduka, Dar es Salaam. Yeye ni mwalimu wa sekondari na mama wa watoto wawili. Fedha zake zilitoka katika upatu wa wanawake 10, na zamu yake ilikuwa imefika. Aliandika tasnifu yake usiku, watoto wakisha kulala, na mtaani kwao umeme ulikatika mara kwa mara. Kwa hiyo saa mbili za betri kwake zilikuwa tofauti ya sura iliyokwisha na sura isiyokwisha. Pamoja nasi alikuwapo mpwa wangu, kijana wa miaka 19, aliyekuja kutusaidia mizigo mingine.

Katika duka la kwanza mwanafunzi wangu aliuliza maswali manne. Betri hukaa saa ngapi? Memori yaweza kuongezwa baadaye? Vitufe vikiharibika vyapatikana? Dhamana huandikwa, au ni ya mdomo? Muuzaji alijibu maswali mawili, na yote mawili alimjibu mpwa wangu, ambaye hakuwa ameuliza neno. Halafu akamgeukia mama akasema, "Chukua hii, dada. Nyepesi, ina rangi nzuri. Kwa mambo yako madogo madogo itakutosha." Mambo madogo madogo yale yalikuwa tasnifu ya kurasa 200 na alama za mitihani ya madarasa manne. Mwanafunzi wangu alimshukuru, akatoka.

Duka la pili lilikuwa la mzee mmoja, jembamba kama ushoroba. Alimwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitika, "Marahaba, mwanangu. Unaitaka kwa kazi gani?" Swali hili fupi lilikuwa halijaulizwa katika duka la kwanza. Akishapata jibu, mzee alichukua kompyuta nyeusi yenye mkwaruzo pembeni, akaigeuza, akafungua skrubu mbele yetu, akamwonyesha nafasi ya kuongeza memori. Alisema waziwazi kuwa imekwisha kutumika, na kwamba betri yake si mpya, akapunguza bei kwa sababu hiyo. Dhamana ya miezi sita aliiandika na kuigonga mhuri. Mwanafunzi wangu alifungua mkoba akalipa. Kabla ya mwaka kwisha, wanawake watatu wa upatu ule walikuwa wamenunua kompyuta zao kwa mzee huyo huyo. Duka la kwanza lilipoteza mauzo manne kwa sentensi moja, wala halikupata habari.

Katika mambo haya yote naona matakwa ambayo si magumu kuyataja. Mwanamke anataka chombo kiifae kazi yake, na kazi yake aitaje yeye. Anataka uzito ambao bega lililokwisha kubeba mkoba na mtoto litaumudu. Anataka betri isiyomsaliti njiani. Anataka siri, kwa kuwa simu yake huchukuliwa na watu wengi nyumbani, na si wote wenye haki ya kusoma kilichomo. Anataka bei ya kweli, maana shilingi yake mara nyingi ina wenyewe watatu au wanne wanaoingojea. Na kuliko yote, akiuliza, anataka kujibiwa yeye. Msomaji ataona mara moja kuwa karibu yote haya mwanaume pia huyataka. Ndivyo hasa ilivyo. Tofauti haimo katika matakwa. Imo katika kwamba mwanaume hupewa majibu bila ya kuthibitisha kwanza kuwa anastahili.

Huenda mtu akapinga, akasema: Je, hapana wanawake wapendao rangi na maua? Wapo, nami ni mmojawapo. Watu waliovaa khanga vizazi kwa vizazi hawawezi kufundishwa kuuchukia urembo. Mashine ya taipu ya Sholes na Glidden, iliyouzwa na Remington kuanzia mwaka 1874, ilipambwa kwa maua ya rangi na kuwekwa juu ya meza kama ya cherehani, kwa kuwa ilitoka katika kiwanda kilichotengeneza cherehani pia. Maua yale hayakumdhuru mtu, kwa sababu chini yake palikuwa na mashine iliyoandika. Kufikia mwanzoni mwa karne ya 20 wengi wa wapiga taipu wa Marekani walikuwa wanawake, na mshahara wao haukulipwa na maua. Urembo ni kiungo. Kiungo hutiwa katika chakula, hakiliwi peke yake. Kosa la motokaa ya mwaka 1955 halikuwa rangi yake. Kosa lake lilikuwa kuifanya rangi kuwa hoja yote.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini kizuri hakiwezi kujiuza kwa mtu aliyefukuzwa mlangoni kwa maneno. Wauzaji wetu wangefaidika kama wangejifunza swali la yule mzee na kumwuliza kila aingiaye, mwanamume au mwanamke, kabla ya kunyoosha mkono rafuni. Na dada zetu, mabinti zetu, wasione haya kuuliza mara ya pili na ya tatu, wala kuomba maandishi, kwani mali bila daftari huisha bila habari. Fedha ikiwa mkononi mwao ina sauti, na mlango wa kutokea dukani ni mpana sawa na ule wa kuingilia.

Sisi walimu tuna deni letu pia. Maneno ya vyombo hivi hatuna budi kuyafundisha darasani kwa Kiswahili chepesi, binti akiwa mbele na si nyuma: betri, memori, dhamana, namba ya siri. Mtu mwenye jina la kitu hadanganywi upesi juu ya kitu hicho. Neno mpakato limekwisha kumweka mama karibu na kompyuta. Iliyobaki ni kazi ya kumpa ujuzi wa kuifungua, kuikagua, na kukataa ile isiyomfaa.