Upepo wa Ubavuni, Kisumu



Safari hii tulikwenda Kisumu, mimi na mama watoto, kumpa hongera binti yetu aliyejaaliwa kifungua mimba. Mama watoto hakupata kupanda ndege umri wake wote. Kutoka Mombasa hadi Nairobi alistahimili. Kutoka Nairobi hadi Kisumu, mwendo usiofika saa nzima, ndipo tulipotahiniwa.

Ilikuwa baada ya Alasiri, saa ambayo mawingu ya mvua hujikusanya juu ya vilima vya Nandi. Tuliteremka juu ya Ziwa Viktoria, maji yakiwa ya kijivu, na ndege ikiyumba. Mama watoto alikuwa dirishani upande wa kulia. Akanishika mkono, “Mwenzangu, mbona kiwanja nakiona dirishani? Si kingekuwa mbele yetu?”

Kweli, tulikuwa tukienda upande kama kaa. Kisha, ardhi ikiwa karibu, mitambo ikanguruma na tukapaa tena. Nyuma yetu mtu alisema kwa sauti kwamba rubani hajui kazi yake. Nami, niliyekuwa nikimfundisha mwenzangu utulivu na dua ya safari, moyoni nilimwunga mkono mtu yule. Namwomba Mola anisamehe dhana hiyo.

Kijana aliyeketi nasi, rubani wa ndege ndogo, ndiye aliyetufunulia jambo. Njia ya kutulia haigeuki, bali upepo hugeuka. Ya Kisumu imelazwa kutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki, na nambari zilizoandikwa ncha zake, 06 na 24, ni nyuzi 60 na 240 za dira. Upepo wa kawaida wa mchana, utokao ziwani, huifuata njia hiyo. Upepo wa mvua hushuka vilimani ukaipiga ndege ubavuni. Kwetu Mombasa ziko njia mbili zilizoelekea pande mbalimbali, lakini moja ni fupi, ndege kubwa haziimudu.

Basi rubani huelekeza pua kwenye upepo ili ndege, ingawa imekaa mshazari, ifuate mstari ulionyooka. Karibu na kugusa ardhi hukanyaga pedali ya usukani wa mkia, pua ikanyooka na njia, na huinamisha kidogo bawa la upande wa upepo ndege isisukumwe kando. Magurudumu ya upande huo ndiyo hutangulia kugusa, kwani gurudumu halipendi kuburutwa kiubavu. Kila aina ya ndege ina kipimo chake cha upepo huo. Upepo ukizidi, au ukivuma ghafla mambo yakaharibika, rubani hupaa na kujaribu tena, na hilo ndilo alilofunzwa.

“Ni kama feri ya Likoni maji yakitoka kwa nguvu,” akasema mama watoto. “Haielekezi omo gatini, huelekeza juu ya gati.” Miaka mingi amevuka na feri hiyo. Kijana akacheka, akasema mwalimu wake hakumweleza vizuri hivyo.

Mara ya pili tulitua. Gurudumu la kushoto liligusa, kisha la kulia, na abiria wakapiga makofi. Yule wa nyuma pia alipiga.

Kesho yake tulitembea hadi ufukwe wa Dunga, penye mashua za wavuvi. Nikamsimulia kwamba zamani za Waingereza ndege za abiria zilitua juu ya maji ya ghuba hii. Kampuni ya Imperial Airways ilianza kutua hapa mwaka 1931, na kuanzia 1937 ndege zake kubwa za majini zilipita hapa Kisumu zikielekea Mombasa, kisha pwani yote hadi Durban. Majini hapakuwa na njia iliyochorwa; palipo na nafasi, rubani aliukabili upepo kokote utokako.

Mama watoto alitazama mawimbi kwa muda, kisha akauliza kama tiketi za kurudi zaweza kubadilishwa ziwe za asubuhi, kabla upepo haujaamka.