Poncho ya mama, joto la mtoto njiti

Bibi alikuwa ameshamaliza sweta tatu kabla mjukuu hajazaliwa. Moja nyeupe, moja ya njano na moja ya kijani, kila moja na kofia yake na soksi zake. Alizikunja, akazitia kwenye mfuko, akauweka juu ya kabati kusubiri Julai.

Mtoto hakusubiri Julai. Alizaliwa mwishoni mwa Mei, mimba ikiwa na wiki 32, akiwa na uzito wa kilo 1.7. Baba yake alipoonyeshwa kwa mara ya kwanza alirudisha mikono nyuma. Aliogopa kumvunja.

Baada ya wiki tatu hospitalini, mama na mwanawe waliruhusiwa kurudi nyumbani. Mtoto alikuwa amefika kilo 1.9 na ananyonya mwenyewe. Lakini nyumbani kwao ni Njombe, mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na ilikuwa katikati ya Juni. Huo ndio msimu ambao huko asubuhi watu huongea huku pumzi ikitoka mdomoni kama moshi.

Bibi alikuwa mlangoni na ile sweta ya njano mkononi.

“Mama, nesi amekataa,” mkwe wake alisema kwa sauti ya chini. “Amesema mtoto avae nepi, kofia na soksi tu. Kifua chake kigusane na changu, mchana na usiku.”

Bibi hakujibu. Aliirudisha sweta kwenye mfuko. Alikuwa amelea watoto watano kwenye baridi ileile, na hajawahi kusikia mtoto akikingwa baridi kwa kuvuliwa nguo.

Nyayo za baridi

Siku ya tatu mama alizidiwa na usingizi. Mtoto njiti hunyonya kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana, na mama huyu alikuwa hajalala saa nne mfululizo tangu ajifungue. Bibi alimwonea huruma. Alimtoa mtoto kifuani taratibu, akamvalisha sweta ya njano, akamfunga blanketi mbili na kumlaza kitandani. Ukimtazama, alionekana mwenye joto kuliko mtu yeyote humo ndani.

Mama alipoamka jioni, alifanya alichofundishwa wodini: aligusa tumbo la mtoto, kisha nyayo. Tumbo lilikuwa vuguvugu. Nyayo zilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

Alimpigia simu muuguzi huku akilia. Maelekezo yalikuwa mafupi: mvue, mrudishe kifuani sasa hivi, mjifunike wote wawili, mnyonyeshe. Akikataa kunyonya au asipopata joto ndani ya saa moja, mleteni hospitali usiku huuhuu.

Alinyonya. Baada ya muda nyayo zikaanza kupata joto. Bibi alikaa pembeni ya kitanda muda wote huo, akizigusa kila baada ya dakika chache, bila kusema neno.

Hakuna aliyemlaumu, na hakustahili lawama. Alifanya kile ambacho wazazi wengi hufanya. Tatizo ni kwamba nguo hazitengenezi joto. Zinazuia tu lile ambalo mwili umeshalitengeneza lisipotee. Mtu mzima analo la kutosha. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, na mwili wake ni mdogo mno kujitengenezea joto la kumtosha. Ukimfunga blanketi mbili akiwa peke yake, umefunga kitu ambacho chenyewe hakina moto. Kifua cha mama kina moto huo saa zote.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto njiti, au aliyezaliwa na uzito mdogo, akae kifuani kwa njia ya kangaroo kati ya saa 8 na 24 kila siku. Utafiti wa shirika hilo uliochapishwa mwaka 2021 ulifanyika katika nchi tano: Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Ulihusu watoto waliozaliwa na uzito wa kuanzia kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8, kama mjukuu wa bibi huyu. Walioanza kangaroo mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri hali zao zitulie kwanza, vifo vyao katika siku 28 za mwanzo vilikuwa pungufu kwa asilimia 25.

Njia yenyewe ilianzia Bogotá, mji mkuu wa Colombia, mwaka 1978. Daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na watoto njiti wengi kuliko mashine za kuwapa joto, akaamua kuwatumia mama zao. Bogotá nao ni mji wa baridi, uko karibu mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Watu wa milima ile wana vazi lao la sufu liitwalo ruana: kipande kipana cha mstatili, kimepasuliwa mbele, kinatupiwa mabegani bila mikono wala vifungo.

Swali la bibi

Bibi wa Njombe hakuwa na habari za Colombia. Alichoona asubuhi iliyofuata ni mkwe wake ameketi kitandani anatetemeka. Mtoto alikuwa kifuani, amefungwa kwa khanga, miguu imekunjwa kama ya chura. Sweta ya mama haikupita juu ya mtoto. Koti halikufunga zipu. Blanketi liliteleza kila aliponyoosha mkono kuchukua kikombe.

“Na wewe nani anakufunika?” bibi aliuliza.

Siku hiyohiyo alikwenda sokoni kununua uzi.

Kwa miaka mingi bibi alikuwa akifuma vitambaa vya makochi kwa sindano ya kroshia, ile yenye ncha iliyopinda kama ndoano. Vitambaa hivyo vinahitaji uzi mwembamba na sindano nyembamba, mkono ukikaza ili maua yasimame. Alianza vazi la mkwe wake kwa mkono uleule. Usiku wa kwanza alipata kipande cha urefu wa sentimita 20, akakiinua, kikasimama kama jamvi. Kikivaliwa kingekaa mabegani kama ubao, na upepo ungeingia pande zote.

Alikifumua chote. Akaenda kutafuta sindano nene ya milimita 6, akalegeza mkono. Vazi la kujitanda linataka fundo lililolegea ili lianguke lenyewe na kuufuata mwili. Pia zile nafasi ndogo kati ya nyuzi hushika hewa, na hewa iliyotulia ndiyo inayotunza joto. Upepo ukivuma, kitenge kikitupiwa juu yake kinatosha kuizuia hewa hiyo isitoroke.

Alichofuma hakina siri, na anayejua fundo mbili za kroshia anaweza kukifuma. Alianza mnyororo wa fundo 140, upana wa kama sentimita 120, kutoka kiwiko hadi kiwiko mikono ikiwa imenyooshwa kidogo. Alifuma kwenda na kurudi kwa fundo refu, lile la kuzungusha uzi mara moja kwenye sindano kabla ya kuvuta, hadi mgongo ukafika sentimita 70. Hapo aligawa: fundo 60 upande wa kulia, fundo 60 upande wa kushoto, na 20 za katikati akaziacha ziwe shingo. Kila upande akaushusha peke yake sentimita 70 nyingine. Hakuna mkono wa kuunganisha, hakuna kifungo.

Vazi zima lilikula karibu gramu 700 za uzi. Uzi wa kijani uliisha zikiwa zimebaki safu chache upande wa kushoto, na duka lilikuwa limefungwa. Bibi alinyoosha mkono juu ya kabati, akatoa ile sweta ya kijani ya mtoto, akaifumua.

Siku ya sita mkwe aliivaa. Mpasuko wa mbele ulimwezesha kunyonyesha bila kufunua mabega. Pande mbili za mbele zilipishana juu ya mgongo wa mtoto na kuishia chini ya shingo yake. Uso ulibaki nje, na mama aliweza kuuona kila alipoinamisha kichwa.

Mambo ya kuangalia

Muuguzi aliisifu poncho hiyo siku ya kliniki, lakini alitoa masharti ambayo kila mzazi anapaswa kuyajua.

Vazi lisipite juu ya uso wa mtoto hata kwa dakika moja, usiku wala mchana. Kichwa chake kilale upande mmoja, kidevu kisibane kifuani, ili njia ya hewa ibaki wazi. Mama akilala, aegemee mito mgongo ukiwa umeinuka, asilale chali kabisa.

Poncho isiwe na mashada wala nyuzi zinazoning'inia. Uzi mmoja unaweza kujiviringisha kwenye kidole cha mtoto na kukata damu isipite.

Nyuzi nyingi za sweta zinazouzwa madukani ni za akriliki, ambazo zikishika moto huyeyuka na kunata kwenye ngozi. Kwa hiyo anayepika amkabidhi mwingine mtoto pamoja na vazi.

Na jambo moja ambalo familia nyingi za nyanda za baridi hulifanya kwa nia njema: jiko la mkaa lisiingizwe chumbani. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na imeua watu wazima wakiwa usingizini, sembuse mtoto wa kilo mbili.

Vazi lisilo na mwenyewe

Hadi hapo poncho ilikuwa ya mama. Jioni moja baba alirudi kutoka kwenye kazi yake ya mbao, akamkuta mkewe amesinzia akiwa ameketi, kichwa kinaning'inia. Bibi alimtazama mwanawe.

“Nenda kaoge kwa maji ya moto,” alimwambia. “Ukirudi, usivae shati.”

Alimweka mtoto kwenye kifua cha baba, akamfunga khanga, akatupia poncho juu. Ilimkaa sawasawa. Vazi lisilo na mikono halina saizi, halijui mnene wala mwembamba.

Jirani aliyepita kusalimia alicheka. “Kamwene! Leo baba kavaa nguo ya mama?”

“Ina kola ya kike hiyo?” bibi alimjibu. “Ni ya anayembeba mtoto.”

Tangu siku hiyo zamu zikapangwa. Baba alichukua saa za jioni hadi saa nne usiku, na mikono iliyoogopa kumvunja mtoto ikajifunza kumgeuza shingo bila kuambiwa. Mama alipata usingizi wa saa tatu, baadaye nne, na maziwa yake yakaongezeka.

Zamu ya bibi ilikuja ya mwisho, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuiomba. Asubuhi moja mkwe alihitaji kwenda kufua, akamwuliza kama angeweza kumshika mtoto. Bibi alifungua blauzi yake. Alikaa kimya kwa muda mrefu, poncho imemzunguka. Kisha akaingiza mkono ndani, akagusa nyayo.

“Za moto,” alisema. Na baadaye kidogo, “Ningekuwa nimejua, wale wangu wote ningewalea hivi.”

Mkwe wake aliendelea kufikicha nepi, akamwachia nafasi ya kufuta macho.

Katikati ya Julai, wakati ambao mtoto alitarajiwa kuzaliwa, mizani ya kliniki ilisoma kilo 2.6. Siku hizohizo alianza kupiga mateke ndani ya khanga na kulia kila alipofungwa. Wauguzi husema mtoto njiti mwenyewe ndiye anayetangaza kwamba kangaroo imetosha: anapopata mwili wa kujitunzia joto, anaona amebanwa. Ndipo sweta nyeupe na ya njano zikashushwa kutoka juu ya kabati, na sasa zilikuwa na mtu wa kuzijaza.

Mzazi mwenye mtoto njiti nyumbani asisubiri siku ya kliniki akiona mojawapo ya haya: mtoto anakataa kunyonya, amepoa na hapati joto hata akiwa kifuani, ana homa, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika, anapata degedege, au viganja na nyayo zimekuwa za njano. Ampeleke hospitali wakati huohuo, akiwa kifuani.

Poncho bado iko, imetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Ukitazama chini upande wa kushoto, safu tatu za mwisho ni za kijani kilichokolea kidogo kuliko kingine. Hivi karibuni binti wa jirani alijifungua kabla ya siku zake, na bibi aliiosha, akaianika, akampelekea mwenyewe. Sweta hakupeleka. Alisema hizo zitafuata, mtoto akishafika kilo zake.