Pilipili Haikuzuia Mdondo

Mwaka 2019 nilikuwa na kuku 23. Kila asubuhi nilitwanga pilipili kichaa, nikachanganya na pumba. Kuku hasikii ukali wa pilipili kama sisi. Walikula vizuri. Maji yao niliyatia utomvu wa shubiri. Mama mkwe ndiye aliyenifundisha.

Bwana mifugo alipopita kuchanja, nilimwambia, "Kuku wangu wana dawa yao." Jirani yangu alichanja wake.

Mwezi wa tisa mdondo, yaani kideri, uliingia kijijini. Kuku wangu walizubaa, wakaharisha kijani, shingo zikapinda. Niliongeza pilipili. Niliongeza shubiri. Katika siku tano walikufa 21. Nilitegemea kuwauza ninunue sare ya shule ya mwanangu. Kuku wa jirani walipona.

Pilipili bado nawapa, maana wanaipenda. Lakini mdondo hauna dawa. Una kinga tu, nayo ni chanjo. Kila miezi mitatu kila kuku wangu hutiwa tone moja jichoni.

Ndugu wasomaji, chanjeni kuku wenu wakiwa wazima. Wakishaugua, mmechelewa.