«Huyu ni nani?» Siku yetu kati ya wapenzi wa hadithi za ajabu



Tunawasalimia kutoka Glasgow, kule Uskoti, sisi wamama wanne mnaotufahamu tangu siku za likelemba yetu ya Goma. Mara nyingi mmetuomba tuwaandikie namna tunavyolea watoto huku ugenini. Leo tutawaeleza siku moja tu. Ni siku tuliyokwenda kwa kusitasita, tukarudi na mzigo ambao hatukwenda nao.

Mwezi wa nane mwaka 2024, kuanzia tarehe 8 mpaka 12, mji wetu ulipokea mkutano unaoitwa Worldcon. Ni mkutano wa dunia nzima wa watu wanaopenda hadithi za kubuni: safari za kwenda kwenye nyota, mashine zinazofikiri, majitu, falme ambazo hazipo kwenye ramani yoyote. Wa kwanza ulifanyika New York mwaka 1939, na watu walikuwa kama 200. Siku hizi wanakuja kwa maelfu, na mkutano unahama kutoka mji mpaka mji. Glasgow imeupokea mara tatu: 1995, 2005 na sasa 2024. Afrika bado haijaupokea hata mara moja.

Mtajiuliza, wamama wa sombe na bugali walitafuta nini kule? Tulikwenda kwa sababu ya mtoto.

Mmoja wetu ana binti wa miaka 14. Yeye mwenyewe ametupa ruhusa ya kuwasimulia, kwa sharti tusitaje majina. Binti huyu ni mpole, anafanya vizuri masomoni, lakini kila siku yuko na daftari lake, anaandika na kuchora. Siku moja mama yake alilifungua. Akakuta picha ya kitu kirefu chenye macho ya moto na nywele za moshi, kimembeba mtoto mdogo mikononi. Kurasa zilizofuata, kitu kile kile tena na tena. Mama alitetemeka. Alikumbuka jirani mmoja aliyemwambia zamani, tukiwa bado Goma, kwamba mtoto anayenyamaza sana na kuongea peke yake anatembea usiku. Ninyi mnajua neno hilo linamaanisha nini kwetu. Mama akalichana daftari lote, akatupa vipande. Binti hakulia. Aliacha tu kuongea na mama yake, isipokuwa «ndiyo, mama» na «hapana, mama». Hali hiyo ilidumu miezi mitatu.

Halafu akaona tangazo la mkutano ule. Akamwomba mama yake tikiti ya siku moja, na kusema hataki zawadi nyingine yoyote mwaka huo. Mama alikataa. Sisi wengine tukakaa naye jioni nzima kwenye chai, mpaka yaya yetu, ambaye ni mkubwa kwetu sote, akasema: «Kama ni kitu kibaya, twende tukione kwa macho yetu. Kama si kibaya, tutakuwa tumemkosea mtoto.» Tukachanga, kila mtu kwa uwezo wake, na Jumamosi tukatoka pamoja na watoto watano.

Kakakuona kando ya mto

Tulishuka treni kwenye stesheni iliyo karibu na kumbi za maonyesho. Kutoka pale unapita ndani ya daraja refu lililofunikwa, kama mtu anayetembea ndani ya bomba, na chini yako magari yanakimbia. Majumba yako kando ya mto Clyde. Moja lina paa la vyuma vya kung'aa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Watu wa hapa wanaliita kwa jina la mnyama wa Amerika mwenye gamba, lakini sisi tuliona kakakuona wetu wa msituni, amejikunja na kulala kando ya maji.

Karibu yake inasimama winchi kubwa sana ya chuma. Ilikuwa inanyanyua vichwa vya treni na kuviweka kwenye meli. Sasa haifanyi kazi, lakini hawakuibomoa. Tulipenda hilo, kwamba mji unaweka kumbukumbu ya mikono ya wazee wake.

Ndani, watoto walikimbia na sisi tukaganda mlangoni. Mzee mwenye mvi alipita amevaa kama mfalme, na taji lake lilikuwa la karatasi. Mama mmoja alikuwa na mtoto mgongoni, na wote wawili walikuwa na masikio marefu ya bandia. Kila mtu alivaa kadi shingoni, na chini ya kadi vitambaa vidogo vya rangi vyenye maneno, kimoja kimebandikwa chini ya kingine. Wengine vilikuwa vimewafika magotini. Watu wanapeana vitambaa hivyo bure, ili kupata njia ya kuanza mazungumzo.

Mmoja wetu ni fundi wa kushona. Yeye hakutazama sura, alitazama mishono. Tukamkuta anazunguka kijana mmoja aliyevaa koti la dhahabu, anamnyooshea kidole kwenye pindo: «Hii imekazwa kwa mkono, si kwa mashine.» Baadaye tukakutana na mwanamke amesimama kwenye kona, bawa lake moja la kitambaa limeng'oka, machozi yako karibu. Fundi wetu hatembei bila sindano. Alimkalisha, akamshonea kwa dakika kumi, kwa uzi mweupe uliokuwa umebaki kwenye kikwembe cha harusi. Mwanamke alitaka kulipa. Fundi akakataa. Basi akatoa kitambaa kidogo cha kijani kwenye kadi yake mwenyewe akambandikia. Yeye hajui Kiswahili, fundi anajua Kiingereza kidogo, lakini walikumbatiana kama watu wa kartye moja.

Jambo lililotushangaza zaidi ni wafanyakazi. Wanaoandaa mkutano huu ni watu wa kujitolea. Mwalimu, muuguzi, mtu wa benki, kila mmoja anatoa siku zake za likizo kuelekeza wageni na kupanga viti. Hata zawadi yao kubwa, inayoitwa Hugo na yenye umbo la roketi, haitolewi na majaji wachache. Wanachama wenyewe wanapiga kura. Yaya alisema, «Basi nao ni chama kama chetu.» Kuanzia hapo tulipumua.

Jina lake ni Binti

Kati ya wageni wa heshima wa mwaka huo alikuwamo Nnedi Okorafor, mwandishi aliyezaliwa Marekani na wazazi kutoka Nigeria. Tuliambiwa kuna ukumbi ambapo angeongea. Tulikuwa tumechelewa kwa kuwalisha watoto sambusa. Tulipofika, nafasi zilikuwa zimejaa na mlango umefungwa. Binti yetu alisimama mbele ya mlango ule bila kusema neno. Mama yake alimtazama, akataka kumshika bega, mkono ukarudi.

Tukaenda kwenye ukumbi wa wauza vitabu ili kumtuliza. Pale tuliona kitabu chenye uso wa msichana mweusi anayejipaka udongo mwekundu. Yaya alisoma jina kwa sauti: «Binti.» Tukacheka, tukidhani ameanza kumwita mtoto. Lakini ndilo jina la kitabu, na ndilo jina la msichana wa ndani, kwa lugha yetu wenyewe. Okorafor alikitoa mwaka 2015, na mwaka 2016 kikapata ile Hugo. Kinaeleza msichana wa kabila la Wahimba, wale wa Namibia, anayetoka nyumbani kwa siri ili akasome chuo kikuu kilicho mbali kati ya nyota. Anabeba udongo wa kwao ili asisahau yeye ni nani.

Muuzaji alitueleza pia habari za mwandishi, na ni habari anazozisimulia mwenyewe hadharani. Akiwa na miaka 19 alikuwa mchezaji mzuri wa tenisi. Alipasuliwa mgongo kwa sababu ya uti uliopinda, akaamka miguu haifanyi kazi. Hadithi zake za kwanza alianza kuziandika pale pale kitandani hospitalini, akili isije ikazama. Baadaye alijifunza tena kutembea.

Mama wa binti yetu alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akafungua pochi, akanunua kile kitabu. Binti alisema, «Asante, mama.» Yalikuwa maneno mawili, lakini sisi sote tuliyasikia.

Swali ambalo hatukuuliza

Mchana, watoto wadogo walichoka, tukakaa kwenye meza yenye karatasi na kalamu za rangi. Mwanamke mzee wa kujitolea alikuwa pale. Binti naye akachukua kalamu. Tukaona mkono wake unachora kile kile: kitu kirefu, macho ya moto, nywele za moshi, mtoto mikononi. Mama yake akashika ukingo wa meza.

Yule bibi hakushtuka, wala hakusifu. Aliinama akauliza tu, kwa upole, «Huyu ni nani?»

Na mtoto akajibu. Aliongea kwa Kiingereza, haraka, kama maji yaliyofunguliwa, na yaya akamtafsiria mama maneno moja baada ya jingine. Alisema huyu ni msichana anayekaa ndani ya mlima wa moto. Mlima ukilipuka usiku, watu wanakimbia gizani na watoto wanapotea. Yeye anatoka, anawaokota wale waliopotea, anawabeba ili miguu yao isiungue, anawaficha mahali salama mpaka mama zao watakapofika.

Wamama, tarehe 22 mwezi wa tano mwaka 2021, Nyiragongo ilipolipuka, binti huyu alikuwa na miaka 11. Ninyi mliokuwa Goma mnakumbuka ule usiku, mbingu nyekundu na barabara iliyojaa watu. Katika kukimbia, mdogo wake aliponyoka mkononi mwake. Mtoto yule alipatikana baada ya siku mbili, yuko mzima, nyumbani kwa mama mmoja asiyetufahamu. Tulimshukuru Mungu, tukaendelea na maisha. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza dada yake alizipitishaje siku mbili zile.

Mama yake alisema polepole, «Nilifikiri anamkula.»

Binti akamtazama. «Hapana, mama. Anamtunza.»

Hatutawaambia kwamba mambo yote yaliisha pale mezani. Daftari lililochanwa halirudi. Kwenye treni, mama alimwomba amsimulie hadithi ile tangu mwanzo. Binti alinyamaza vituo viwili vizima, halafu akasema, «Sehemu nyingine nimezisahau.» Mama akajibu, «Zile unazokumbuka.» Basi akaanza. Tulipofika nyumbani hakuwa amemaliza, na wote wawili walibaki wamesimama barazani mwa jengo, mvua ya Glasgow inanyesha, mmoja anaongea na mwingine anasikiliza.

Tunachowaomba

Sisi tulilelewa na bibi zetu kwenye moto wa jioni, na hadithi zao zilijaa mazimwi na wanyama wanaosema. Hakuna aliyemwita bibi mchawi. Kwa nini mtoto akitunga zimwi lake tunaogopa?

Tunajua pia neno «mchawi» limefukuza watoto wangapi nyumbani kwao katika miji yetu. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumsingizia mtoto uchawi, na inaweka adhabu. Ikiwa mtu anamtaja hivyo mtoto wako au wa jirani, usinyamaze.

Na ukikuta picha au maneno yanayokutisha kwenye daftari la mtoto, usilichane. Usikimbilie kwa jirani. Keti karibu naye, weka kidole kwenye picha, umuulize lile swali la yule bibi: Huyu ni nani? Kisha ngoja jibu, hata kama litachukua muda. Kama jibu lenyewe linaonyesha mtoto ana maumivu makubwa, mtafutie mtu anayeaminika wa kumsaidia.

Wiki iliyopita mama alinunua daftari jipya. Hakuandika kitu ndani, ila jina la binti yake kwenye jalada. Fundi wetu amelishonea kifuniko cha kikwembe, na kile kitambaa kidogo cha kijani kimebandikwa mbele.

Wasalimieni watoto wote. Tubaki katika mapendo.

Ni sisi, wamama wenu wa Glasgow.