Jibu Linatoka Wapi?

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kufungua ukurasa wa tovuti ukiwa Kilifi kulihitaji subira. Nilikuwa nikitunza tovuti ya nyumba ya wageni huku Bofa, na seva yake ilikuwa Marekani. Ombi lilipanda hadi kwenye setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu yetu, likashuka ng'ambo, na jibu likarudi njia hiyo hiyo. Kwenda na kurudi mara moja tu kulimaliza zaidi ya nusu sekunde, na ukurasa mmoja ulihitaji safari nyingi. Picha ya ufuo ilijitokeza mstari kwa mstari: anga, kisha minazi, na mchanga mweupe mwisho kabisa. Mtu wa Milano aliuona ufuo wetu mapema kuliko sisi tunaoishi kando yake.

Nairobi kulikuwa na watu walioliona tatizo hili. Mwaka 2000 walianzisha KIXP, kituo cha kubadilishana data, ili data ya Mkenya kwenda kwa Mkenya mwenziwe isizungushwe ng'ambo. Wiki chache baadaye kiliamriwa kifungwe. Hawakukata tamaa, na Februari 2002 kikafunguliwa tena. Mwaka 2009 mikonga ya intaneti ya baharini, TEAMS na SEACOM, ikatua Mombasa, mwendo wa kilomita kama 60 kutoka kwetu. Kasi ilipanda, lakini picha za Bofa bado zilitoka mbali.

Ndipo tukaweka nakala mbili za tovuti, moja Nairobi na nyingine Frankfurt, na kazi ya kuwagawa wageni tukaiachia DNS, mfumo unaolijibu jina la tovuti kwa anwani ya seva, uliobuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983. Jina la tovuti lilibaki moja, ila jibu lilitegemea muulizaji: wa Ulaya alipewa anwani ya Frankfurt, wa Kenya ya Nairobi. Akamai, kampuni iliyoanzishwa Marekani mwaka 1998, ilikuwa imeitumia mbinu hii kwa mapana.

Jioni moja niliweka simu mbili juu ya meza moja hapa Bofa, nikauliza jina lile lile. Moja ilielekezwa Nairobi, ya pili Frankfurt. Sababu ni kwamba simu haiulizi yenyewe. Huiachia seva nyingine iulize kwa niaba yake, na ile ya simu ya pili ilikuwa nje ya nchi. Ni kama kumtuma mtu akuulizie njia: ataelekezwa kuanzia pale aliposimama yeye, si ulipo wewe. Mwaka 2016 ulichapishwa utaratibu, RFC 7871, unaoiruhusu seva inayouliza kuambatisha sehemu ya anwani ya mtumiaji. Hupelekwa sehemu tu, ili siri ya mtu ilindwe.

Tulipunguza pia muda wa jibu kuhifadhiwa, kutoka siku nzima hadi dakika moja, ili seva moja ikizimika watu wahamishiwe nyingine upesi. Na seva zinazojibu maswali ya majina tukazileta Nairobi pia. Hilo lina uzito kuliko wengi wanavyodhani: Mei 2024 mikonga ya EASSy na SEACOM ilipokatika karibu na Afrika Kusini, intaneti ilidorora nchi nzima. Tovuti ambayo jibu la jina lake liko ng'ambo huweza kukosekana siku kama hiyo, hata kama kurasa zake ziko Nairobi.

Ripoti ya Internet Society ya mwaka 2020 ilionyesha kuwa data inayopatikana humu humu Kenya ilipanda kutoka asilimia 30 mwaka 2012 hadi 70. Mikonga peke yake isingetufikisha hapo. Ukaribu huu umejengwa na watu walioleta seva nyumbani na kupanga majibu kwa uangalifu. Vijana wa Pwani wanaojenga tovuti leo nawasihi wasiridhike na kasi ya mtandao tu. Waulize jibu la jina lao linatoka wapi, na njia ya ng'ambo ikifungwa, nani atawajibu.