Nilipanda Soni na Fleshi Mfukoni, Nikateremka na Karoti

WEWE mtoto wa mjini unayesoma safu hii umebanwa kwenye daladala, hebu nijibu upesi: nusu ukijumlisha na theluthi unapata ngapi? Usichungulie simu! Kama umesema mbili ya tano, wala usijisikie vibaya. Mko wengi, na mimi mwenyewe nilikuwemo. Jibu utalipata huko mbele, na nitakueleza nililipatia wapi.

Basi bwana, yote yalianza na mdomo wangu. Dada yangu mkubwa ni mwalimu wa hisabati katika shule moja ya msingi huko Lushoto, mkoani Tanga. Siku moja alinipigia akilalamika kwamba shuleni kwake kuna vishikwambi 12 vya msaada ambavyo vimekaa kabatini miaka mitatu bila kuguswa, na watoto wa darasa la sita hesabu zinawatoa jasho. Mimi kwa sifa zangu za kimjini nikamjibu, "Dada, hiyo kazi ya asubuhi moja tu. Nakuja."

Asubuhi moja! Wee acha tu.

SAFARI YA KWENDA JUU

Jumapili moja ya Julai 2025 nilikuwa stendi ya Magufuli, Mbezi Louis, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Begani nina laptopi, mfukoni nina fleshi. Ndani ya fleshi hiyo ndimo ulimokuwa ujanja wangu wote: programu iitwayo Kolibri, pamoja na mazoezi ya hesabu ya Khan Academy kwa Kiswahili, niliyokuwa nimeyashusha usiku mbili mfululizo kwa bando la usiku.

Kwa asiyeifahamu, Kolibri hutengenezwa na shirika la Learning Equality la Marekani, na ni ya bure. Uzuri wake ni kwamba haihitaji intaneti ukishaipakia. Unaiweka kwenye kompyuta moja tu, hiyo ndiyo inakuwa mama mwenye nyumba, halafu vishikwambi vinamfuata kwa waifai na kusoma kutoka kwake. Hakuna bando, hakuna "mtandao unasumbua". Video ni nzito, kwa hiyo mimi nilichukua mazoezi mengi na video chache za kuonja.

Gari likapita Chalinze, likapita Segera, tukafika Korogwe watu wakanunua machungwa. Mashamba ya mkonge yakawa yanatukimbilia dirishani. Pale Mombo ndipo barabara inapokata kulia na kuanza kuupanda mlima. Msomaji, kama hujawahi kupanda ile barabara ya Soni, basi hujajua maana ya kona. Upande mmoja jabali, upande mwingine korongo, na dereva anaongea na kondakta kana kwamba yuko Kariakoo. Jirani yangu, mama mmoja wa makamo, aliniona nimeshikilia kiti kwa mikono miwili akanicheka: "Mwanangu, hata ukikishika, gari likienda na wewe unakwenda nalo."

Soni tukasimama. Maporomoko yako pale pale kando ya barabara, na baridi ilinipiga mpaka nikaikumbuka koti niliyoiacha nyumbani. Dirishani wakaja wauza mboga. Binti mmoja wa kama miaka 12 hivi, amejifunga kanga kichwani, akanyanyua mafungu ya karoti. Fungu moja shilingi 700. Nikachukua sita nimpelekee dada, nikatoa noti ya 10,000. Ile naingiza mkono mfukoni nitoe simu nipige hesabu, binti kashanipa chenji yangu: "Elfu tano na mia nane, kaka." Nikahesabu kwa simu. Kweli. Sikumuwaza tena.

Lushoto Wajerumani walipaita Wilhelmstal, na ukiona ule ubaridi na miti yake unaelewa kwa nini mzungu alipapenda. Lakini mimi sikwenda kustarehe. Kule Irente wanakokwenda watalii kutazama nyika iliyotandazwa chini sikufika hata kwa dawa.

KABATI LA MWALIMU MKUU

Jumatatu asubuhi nikapelekwa ofisini. Mwalimu mkuu ni mzee mpole wa kunyoosha maneno. Nikampa shikamoo, nikamweleza mipango yangu kwa mbwembwe zote. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa funguo shingoni.

"Kijana," akasema, "hivi vitu nilivitia saini mimi. Kikivunjika kimoja, nitaulizwa mimi. Kikiibiwa, nitaulizwa mimi. Lakini vikikaa kabatini, hakuna atakayeniuliza kitu. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Na nikiwa nimekuja kutoka mjini nikiwa na maneno tayari ya kusema walimu wa shamba hawapendi maendeleo, maneno hayo niliyameza kavu kavu.

Na tena Tanga si pageni kwa mambo haya. Mkoa huu huu ndiko yalikofanyiwa majaribio mashindano ya Global Learning XPRIZE, yaliyofadhiliwa na Elon Musk. Kati ya mwaka 2017 na 2019 watoto karibu 2,700 katika vijiji vipatavyo 170 walipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili, wakawa wanavichaji kwa umeme wa jua. Mwaka 2019 washindi wawili, onebillion na Kitkit School, waligawana dola milioni 10. Na baada ya Sensa ya 2022, vishikwambi vya makarani viligawiwa kwa walimu, dada yangu naye akapata chake. Kwa hiyo kishikwambi wanakijua. Tatizo ni nani atabeba lawama.

Tukakubaliana hivi: kila kifaa kipewe namba kwa wino, kiandikwe kwenye daftari wakati wa kutoka na wa kurudi, na dada yangu atie saini. Mzee akafungua kabati.

HESABU ZA MTAALAMU ZAGOMA

Vishikwambi 12, vyote vimezimika kama mawe. Tukaunga ekstensheni mbili, tukasubiri. Saa nzima ikapita. Vilipowaka, vingine vilidai tuko mwaka 1970! Betri ikifa kabisa, saa ya kifaa nayo inapotea, na usipoirekebisha kumbukumbu zote zitaandikwa tarehe za kabla hujazaliwa. Nikarekebisha kimoja kimoja.

Kimoja kilikuwa na ufa wa kioo, nikakiweka pembeni kisije kikamkata mtoto. Vitatu vilikuwa vya zamani mno, kila nikifungua kivinjari naona ukurasa mweupe pee. Vikabaki vinane. Nikasema si haba.

Shule haina kisambaza waifai, nikawasha hotspoti ya simu yangu, data nimezima. Laptopi ikaingia. Kishikwambi cha kwanza, cha pili, cha tatu... cha saba kikaingia. Cha nane kikagoma. Nikakizima, nikakiwasha. Kikagoma. Jasho likanitoka na baridi yote ile. Watoto 63 wamekaa kimya wananitazama mtaalamu kutoka Dar.

Nikamnong'oneza dada, "Simu hii inapokea vifaa vinane, sijui kwa nini hiki..."

Kijana mmoja wa mbele akanyoosha kidole. "Mwalimu, kompyuta nayo si kifaa?"

Darasa likacheka. Nikacheka nami, maana ningefanyaje? Kompyuta moja na vishikwambi saba ni vinane. Nimeaibishwa kwa kujumlisha!

Basi watoto wakaulizwa: tuko 63, vifaa saba, kipindi ni dakika 40, tufanyeje? Hapo ndipo nilipoona darasa limechangamka kuliko muda wote. Tisa kwa kimoja ni vurugu, walisema. Watatu watatu ni 21 kwa mara moja, zamu tatu, kila zamu dakika 13, na dakika moja ya kupokezana. Wasio kwenye zamu wafanye maswali ya daftari. Sikuchangia hata neno.

Kazi iliyobaki ilikuwa nyepesi. Dada yangu nilimwandikisha kama kocha, watoto nikawaandikisha majina yao, na nikaondoa sharti la nywila kwa wanafunzi, maana nywila 63 ni kilio tosha. Kila kifaa kikafunguliwa kwenye kivinjari kwa namba ya anuani ya laptopi, na skrini nikaibandika hapo hapo ili asitoke mtu kwenda kupiga picha. Halafu dada akachagua somo: kujumlisha sehemu. Ilikuwa wiki moja tangu alifundishe ubaoni.

BINTI WA KAROTI

Zamu ya pili nikamwona. Kanga hana, yuko na sare na sweta, lakini ni yeye. Binti wa Soni! Nikataka kumsalimia, akaangalia chini. Dada akaninong'oneza, "Huyo ni mzito kidogo. Hesabu haziingii."

Nikamtazama dada. "Huyu? Huyu jana kanipa chenji kabla sijatoa simu."

Dada hakujibu. Kengele ikalia, watoto wakatoka.

Tukakaa wawili mbele ya laptopi kuangalia ripoti. Kolibri humwonyesha mwalimu nani amemaliza, nani amekwama, na amekwama swali gani, tena unaweza kuona majibu aliyoandika. Binti wa karoti kila kifaa kilipomfikia alikuwa amejaribu upya, amekosa, amejaribu tena. Mtu aliyesemwa mzito alikuwa anapigana peke yake bila mtu kujua.

Lakini hilo silo lililomnyamazisha dada yangu. Alishuka chini kwenye orodha. Karibu darasa zima lilikuwa limekwama mahali pamoja, kwa kosa moja. Nusu na theluthi: mbili ya tano. Juu kwa juu, chini kwa chini. Mtoto baada ya mtoto.

Nikaanza kumfariji, "Labda hawakuelewa programu, dada, ni siku ya kwanza..."

"Hapana, mdogo wangu," akasema taratibu. "Mtoto mmoja akikosea ni wake. Wakikosea wote kosa moja, wamelitoa mahali. Mahali penyewe ni mimi. Nilikimbilia KDS ubaoni kabla hawajaiona sehemu yenyewe ikoje."

Msomaji, dada huyu ana miaka 16 kazini. Angeweza kuifunga ile laptopi akasema mashine ya mzungu haijui watoto wetu. Ningemkubalia. Badala yake aliuliza, "Zile karoti ulizoleta zimebaki ngapi?"

MTOTO WA SOKO AFUNGUKA

Jumanne vishikwambi vilibaki kabatini. Dada aliingia na kisu na karoti. Akaandika ubaoni nusu jumlisha theluthi, akaandika na jibu lao, mbili ya tano. Akauliza, "Nani analikubali?" Mikono ikajaa.

Akachukua karoti ndefu, akaikata nusu, akainyanyua. "Nikiongezea na theluthi ya nyingine, nitakuwa na nyingi kuliko hii nusu au chache?"

"Nyingi!"

Kimya kikafuata. Kisha nyuma kule ikasikika sauti ndogo. Ni yeye.

"Mwalimu, mbili ya tano haifiki nusu. Mtu ukiongeza mali, mali itapunguaje?"

Dada akamwita mbele, akampa kisu na karoti nzima. Binti akafikiri. Akasema tukikata vipande viwili theluthi haitoki, tukikata vitatu nusu haitoki, kwa hiyo tukate sita. Akakata, si haba kwa usawa. Nusu ni vipande vitatu. Theluthi ni viwili. Vitano kati ya sita. Tano ya sita! Halafu akarudi kukaa kama mtu aliyekwisha kuuza, wala hakutaka makofi.

Haya, jibu lako ndilo hilo, wewe wa kwenye daladala.

Jumatano vishikwambi vikatoka tena, saini kwenye daftari, zamu tatu. Sitakudanganya kwamba wote walipata. Wapo waliobaki na mbili ya tano yao, na kifaa namba nne kikafia katikati ya zamu kwa sababu ya chaja mbovu. Lakini orodha ya waliokwama ilikuwa fupi kwa kutazama tu. Mwalimu mkuu alikuja akasimama mlangoni, akavihesabu vifaa vyake kwa macho, kimoja hadi saba, akaondoka. Kesho yake asubuhi dada alikuta kabati limekwisha kufunguliwa na vishikwambi vinachaji.

Nilimwachia dada laptopi yangu ya zamani, maana bila mama mwenye nyumba vishikwambi ni yatima, na nikaahidi kumtumia kisambaza waifai ili asitegemee simu ya mtu. Hiyo ahadi naiandika hapa makusudi, mnidai.

Wakati wa kuteremka gari lilisimama tena Soni. Nilichungulia dirishani nikimtafuta. Hakuwepo, ilikuwa siku ya shule. Nikanunua karoti kwa mama mwingine, mafungu manne, na safari hii simu niliiacha mfukoni nikapiga hesabu kichwani.

Nilikosea kwa mia moja. Mama akanisahihisha.

Tukutane wiki ijayo.